Korosho Shingoni mwa Chupa

Nimesikia kwamba kijana aliyechukua nafasi yangu kwenye maabara ya shule, kule Ruangwa, amezikata korosho zote nilizokuwa nimezifunga kwenye shingo za chupa. Amezikata kwa mkasi, akazifagia, akasema zinaleta wadudu na zinaifanya stoo ionekane kama ya mganga. Sijakasirika. Mimi mwenyewe niliwahi kuzikata, kwa maneno hayo hayo, kabla sijazifunga upya, na nilikuwa mkubwa kuliko yeye. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii ya uhudumu wa maabara, kabla mkasi haujafika kwenye shule nyingine.

Kazi nilifundishwa na Mzee Fabiani Chitanda, mhudumu wa maabara wa shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Nachingwea. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini koti lake la maabara lilikuwa refu, limefuliwa mpaka likawa jepesi kama karatasi. Nilipelekwa kwake nikiwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama ya C ya kemia, ambayo niliitaja kila nilipopata nafasi. Mzee yeye aliishia darasa la saba kwenye shule ya misheni. Hakuwahi kunitajia alama zake, ila ndani ya wiki moja nilijua nani kati yetu ndiye anayeijua kemia.

Zama zile pipeti, kile kibomba cha kioo cha kupimia dawa, ilinyonywa kwa mdomo. Msicheke. Shule zote zilifanya hivyo, na walimu walimsifia anayenyonya vizuri. Unatia ncha kwenye bika, unavuta taratibu kama mtu anayevuta soda kwa mrija, dawa ikifika kwenye alama unaziba kwa kidole. Wiki yangu ya kwanza niliachiwa kuandaa kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, kwa ajili ya mazoezi ya kidato cha nne. Nikasahau kwamba iliyokuwa mbele yangu bado haijazimuliwa, ni ile kali ya kuchanganyia. Tena nilikuwa naangalia dirishani, wasichana wanapita kwenda kuchota maji. Ncha ikatoka kwenye dawa, hewa ikaingia, na kostiki yote iliyokuwa kwenye pipeti ikaruka hadi mdomoni.

Ulimi uliteleza kwanza, kana kwamba nimelamba sabuni. Halafu ukaanza kuwaka. Mzee Fabiani hakupiga kelele. Alinishika shingo, akaniinamisha kwenye bomba, akaniambia nisukutue na kutema, nisimeze hata tone. Nilisukutua mpaka kengele ikagonga mara mbili. Nikafikiri imetosha, nikainua kichwa, akakirudisha chini. Baadaye, nimekaa kwenye stuli na midomo imevimba, akaniuliza mdomo wangu ni wa kulia nini. Nikamjibu kwa shida kwamba ni wa kulia ugali. Akasema basi niupeleke kwenye ugali.

Juma lililofuata alikwenda hospitali ya misheni akaomba mipira ya dripu na mabomba mapya ya sindano, bila sindano zenyewe. Akakata, akaunganisha, akatengeneza kinyonyeo: unachomeka kwenye pipeti, unavuta bomba, dawa inapanda, mdomo wako uko mbali unasimulia habari zako. Alitengeneza vya kutosha darasa zima. Kuna shule zilikuja kuletewa vinyonyeo vya kiwandani miaka mingi baadaye, na kwa maoni yangu vya Mzee vilikuwa bora, maana kikiharibika unajua pa kukifungua.

Sasa nije kwenye korosho.

Nyinyi mliozaliwa huku hamhitaji kufundishwa. Mtoto wa Nachingwea anaweza asijue a wala be, lakini korosho mbichi anaijua. Lile ganda lina mafuta yanayounguza, na karibu kila mmoja wetu aliwahi kuling'ata akiwa mdogo, akatembea siku kadhaa na mdomo uliobabuka huku bibi yake akimcheka. Mzee Fabiani aliliwaza hilo, akaamua kwamba kila chupa yenye kitu kinachounguza, iwe asidi, iwe kostiki, iwe amonia, ivae korosho mbichi na ganda lake, imefungwa kwa uzi shingoni. Lebo ilikuwepo pia, tena kwa mwandiko mzuri. Ila lebo ni ya anayejua kusoma. Mama aliyekuwa anapiga deki pale hakujua kusoma. Mlinzi alikuwa mzee wa Kimakonde, Kiswahili chenyewe cha kubahatisha. Fundi aliyekuja kurekebisha shelfu alisoma, lakini si maneno kama hidrokloriki. Wote hao waliingia stoo miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza maana ya korosho.

Na ilikuwa na faida nyingine. Umeme ukikatika, Mzee aliingia stoo gizani, akapapasa shingo za chupa kwa vidole, akatoka na anayoitaka. Ilikuwa kawaida yake mpaka nje ya kazi. Hata nyumbani, ukimpa chupa ya chochote, kidole gumba kilipita kwanza shingoni kabla hajaifungua. Mkewe, Mama Restituta, alikuwa anamtania kwamba siku ya harusi yao aliipapasa hata chupa ya divai ya padri.

Nje ya mlango wa maabara aliweka mtungi wa maji ya kunywa na kata. Mkuu wa shule mmoja alitaka uondolewe, eti unachafua mandhari. Mzee alimwambia kwa heshima zote kwamba mtu mwenye kiu hana macho, na mwanafunzi akikosa maji nje atayaona ndani, kwenye bika, masafi kabisa, wala hayatakuwa maji. Mtungi ukabaki. Mimi nilikuwa namheshimu Mzee kwa kemia, lakini kwa mtungi ule nilimpenda.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Ruangwa, kwenye maabara mpya, niwe peke yangu. Nilibeba mbinu zote za Mzee: vinyonyeo, mtungi, korosho. Halafu akaja mwalimu kijana wa kemia, mwenye digrii, mcheshi sana. Siku ya kwanza alisimama mlangoni pa stoo, akaangalia zile chupa, akaniuliza mbele ya wanafunzi kama ile ni maabara au kilinge. Akaniita mganga. Wanafunzi wakalishika jina, likanifuata mpaka sokoni. Hakuwa mtu mbaya, alinitania tu, na aliniletea lebo nzuri zilizochapwa kwa mashine. Lakini mimi niliona aibu. Jumamosi moja nilichukua mkasi nikazikata zote. Nilijisikia nimekuwa wa kisasa.

Wakati huo Mzee Fabiani alikuwa amestaafu na kurudi Marambo, kwenye mikorosho yake. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, lakini alikataa kukaa. Mama Restituta alikuwa kwenye kikundi cha akina mama kilichotaka kujifunza kutengeneza sabuni ya mche. Walinunua kostiki mjini, kisha Mzee akanipigia simu. Alisema yeye macho yake hayafai tena kupima, niende mimi nikawakorogee, maana kwenye kazi hiyo nimeiva. Maneno hayo yalinitia kichwa kikubwa. Nikafunga safari likizo.

Nilifanya vizuri mwanzoni. Nilikoroga kostiki jioni kwa kuitia kwenye maji polepole, kamwe si maji kwenye kostiki, nikaiacha ipoe usiku kucha kwenye ndoo iliyofunikwa. Asubuhi niliigawa kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, zile za plastiki, ili kila mama apate kipimo chake. Nilibandika karatasi, nikaandika NaOH kwa herufi kubwa. Kwa nani? Sijui mpaka leo niliwaandikia nani. Uzi ulikuwepo. Korosho zilikuwa zimejaa kwenye gunia ndani, hatua tano kutoka nilipokaa. Niliziona, nikamkumbuka yule mwalimu, nikaacha. Nikapanga chupa kwenye kivuli cha baraza, nikaenda nyumba ya pili kuchukua mafuta ya kutengenezea sabuni.

Mzee alikuwa shambani anafyekea mikorosho tangu alfajiri. Alirudi jua limepanda. Mama Restituta alikuwa jikoni uani. Mzee aliona chupa za maji barazani, akajua mgeni wake nimemletea kitu. Alichukua moja, akaifungua, akapiga funda.

Nilikuwa njiani narudi na dumu la mafuta, nikamwona anatema. Alitema, akainama, akatema tena. Nikatupa dumu. Nilipofika, alikuwa ameshika nguzo ya baraza, mate yanamtoka mdomoni kama uzi, ameshaitema nyingi, lakini nyingine ilikuwa imeteremka. Watu wakajaa. Jirani mmoja akaja na kikombe cha mafuta ya ufuta ili atapishwe. Mwingine akaleta mayai mabichi. Wote walikuwa na nia njema, na wote walikuwa wanaharakisha kumuua.

Na mimi, mwenye C ya kemia, mwenye miaka yote ile maabara, nilifanya nini? Nilikimbilia ndimu. Kostiki ni besi, ndimu ina asidi, zikikutana zinapozana. Hivyo ndivyo kichwa changu kilivyosema. Nilikata ndimu mbili, nikazikamua kwenye kikombe, nikampelekea. Mzee alikiangalia kikombe kwa macho yake yenye ukungu, akainusa ile ndimu, akasukuma mkono wangu. Kisha akanishika kiganja, akakifumba kama mtu anayeshika bomba la kioo. Nikaelewa. Darasani alikuwa anawafanya wanafunzi wachanganye asidi na besi kwenye kibomba, halafu wakigusishe shavuni kile kioo: kinakuwa cha moto. Nilitaka kuuwasha moto huo kwenye koo lake.

Mama Restituta alikuwa ameshashika kile kikombe cha mafuta ya ufuta, analia, anamsihi anywe atapike. Mzee akatikisa kichwa. Sauti ilikuwa inamkauka, lakini alisema, na mimi nilimsikia vizuri.

"Imepita mara moja. Msiipitishe mara ya pili."

Akaonyesha mtungi wa maji wa pale nyumbani. Nikachota maji, akasukutua, akatema, akasukutua, kama alivyonisukutulisha mimi siku ile. Nilihesabu pumzi zake. Nilimwona mtu ambaye koo lake linaungua ametulia kuliko kijiji kizima, anafanya kazi yake, na mgonjwa ni yeye mwenyewe. Nimekutana na madaktari na maprofesa waliokuja kukagua maabara. Sijaona mwingine kama yule.

Tulimweka kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye katikati amekaa wima, mimi nyuma nimemkumbatia. Kabla hatujaondoka alinyoosha mkono akafanya ishara ya kuomba kitu. Nilidhani anataka maji. Alitaka chupa. Nikaichukua, nikaifunga vizuri, nikaiweka kwenye mfuko. Hospitalini swali la kwanza la daktari lilikuwa amekunywa nini, la pili kiasi gani, la tatu saa ngapi. Nilimpa chupa, nikamwonyesha ilikokuwa imefika na ilikobaki, nikamwambia niliikoroga kwa nguvu gani. Aliniuliza kama tumemtapisha, nikasema amekataa. Daktari akamwangalia Mzee, akasema, "Huyu ameshatufanyia nusu ya kazi."

Akapelekwa hospitali kubwa zaidi, akalishwa kwa mpira wiki nyingi. Kidonda cha kostiki kikipona hakiachi koo kama lilivyokuwa, kinalibana. Ilibidi arudi mara kwa mara kutanuliwa, na kila mara alirudi akiwa amekonda. Uji, maziwa, mchuzi uliochujwa. Mtu wa ugali yule, mtu wa kisamvu. Nilikuwa nakwenda kila nilipopata nafasi, na kila nilipofika Mama Restituta alinikaribisha, akanipa kiti, akanipikia. Alidhani macho ya mumewe ndiyo yaliyomkosesha. Alimlaumu kwa kukataa kwenda kutolewa mtoto wa jicho. Na mimi nilikula chakula chake nimenyamaza.

Siku moja nikashindwa. Tulikuwa watatu, Mzee amekaa anakunywa uji wake kwa mrija. Nikamwambia Mama kwamba chupa nilizipanga mimi, na sikuzifunga korosho, kwa sababu ya aibu, kwa kuwa mtu mmoja aliwahi kuniita mganga. Mama aliangalia mikono yake. Sikuthubutu kuinua uso. Mzee ndiye aliyeongea, kwa ile sauti yake mpya iliyokwaruza, wala hakuongea kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya jaribio lililokwenda vibaya.

"Niliipapasa shingo. Sikukuta kitu."

Hapo ndipo nilipolia, mtu mzima mwenye watoto. Kwa sababu hakukosea. Alifanya kila alichotufundisha. Kidole chake kiliuliza, na mimi ndiye niliyekijibu uongo.

Kwa hiyo wanangu, niwape machache, yafanyieni kazi. Chupa iliyowahi kumnywesha mtu msiitie dawa, hata kwa dakika tano, hata kama unarudi sasa hivi. Na iliyotiwa dawa itobolewe kitako kabla ya kutupwa. Maji ya betri, dawa ya kusafishia choo, kostiki ya sabuni, vyote hivyo viko vingi majumbani kwenu sasa, kuliko hata maabara. Mtu akimeza, asitapishwe, asipewe ndimu wala siki wala yai. Asukutue na kutema, akae wima, apelekwe hospitali haraka na chupa yake, hata kama anasema hajambo, hata kama mdomoni hamwonekani kidonda. Koo halionekani kwa nje. Na wekeni maji ya kunywa mlangoni. Mtungi, ndoo yenye koki, chochote. Watakaowacheka wapo, wacheni wacheke.

Tena sitaki mfikiri korosho ni uchawi wangu wa uzeeni. Wekeni lebo zenu zilizochapwa, zile zenye picha ya mkono unaoungua, ni nzuri sana. Ila jiulizeni nani mwingine anaingia humo ndani, na kidole chake kitakutana na nini. Kijana wangu wa Ruangwa, gunia langu la korosho lipo hapa nyumbani. Ukija, uzi nitakukatia mwenyewe.

Ilichukua karibu mwaka Mzee kula ugali, ule laini, tonge dogo kama punje ya karanga. Alipolimeza na likashuka, Mama Restituta alitoka nje akasimama uani peke yake. Wakati huo Mzee alikuwa hapokei cha kunywa kutoka kwa mtu yeyote hivi hivi. Hata wajukuu zake wakimpa chupa, aliipapasa, akainusa, akauliza nani kaileta na imetoka wapi. Hakuna aliyemlaumu.

Siku ile ya tonge nilikuwa nimekuja na chupa ya maji kutoka stendi. Alipomaliza kula akanyoosha mkono, nikampa. Nikamwambia aipapase kwanza.

"Umeileta wewe?"

Nikasema nimeileta mimi. Akaifungua, akanywa.